Mjomba Aliyekaa Katikati

Mara ya kwanza nilipotetea kazi yangu ya mwisho wa masomo mbele ya watahini nilianguka, na mama akarudi nyumbani, mtaa wa Mbunya, na kopo lake la poda bila kulifungua. Kwetu Bunia anayefaulu humwagiwa poda kichwani papo hapo. Kopo lile likakaa juu ya kabati likinisuta kila nilipopita. Mara ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ya tatu haipo.

Siku hiyo mama aliwapanga watu wetu mwenyewe. Shangazi, ambaye hata ubatizo wa mtoto asiyemjua humtoa vigelegele, aliwekwa pembeni. Upande wa pili wakakaa wamama wa kanisa, ambao wakisikia kigelegele kimoja hawakubali kubaki nyuma. Katikati akaketi mjomba, mtu anayekwenda harusini na uso wa matanga.

Nikaeleza kwamba uzi wa DNA ni mrefu na umekunjwakunjwa ndani ya seli. Kwenye uzi huo kuna vichocheo vinavyowasha jeni, na kuna vipande vya mpaka, vinavyozuia kichocheo cha huku kisiwashe jeni la kule. Nilikwenda vizuri mpaka prezida wa juri, mkuu wa watahini, akauliza, “Na tukitosha ule mupaka?” Yaani, ukiondolewa.

Ndilo swali lililoniangusha mara ya kwanza. Jibu nililijua, lakini kwa woga nikaanza kupangapanga karatasi zangu.

Hapo simu ya mjomba ikalia, akatoka nje. Shangazi, kuona napanga karatasi, akadhani nimemaliza. Akapiga kigelegele, wamama wote wakapokea, na poda aliyokuja nayo shangazi ikaruka hadi kwenye koti jeusi la prezida.

Nilitamani ardhi ipasuke, kisha nikakiona kiti kitupu cha mjomba.

“Prezida, ni vile,” nikasema. “Mupaka imetoka. Kichocheo iko pale pale, fasi yake, haikubadilika. Lakini sasa imewasha wale wenye walipashwa kunyamaza.”

Akajipangusa. “Na ile jeni ya kule, iko na kosa gani?”

“Haina kosa. Hakuna mwenye aliigusa. Ni jirani tu.”

Mjomba akarudi, akaketi katikati bila kuuliza kitu. Kimya kikaingia mara moja, na juri nzima ikaangua kicheko.

Walikwenda kushauriana, wakarudi wakasema nimefaulu. Shangazi alikuwa ameshamaliza poda yake. Mama alikuwa bado anahangaika na kopo lake, kifuniko kimegoma kwa kukaa sana. Akaniletea.

“Fungua weye, mutoto wangu,” akasema.