Pai ya Kirolirwe isiyojua maziwa

Saa moja asubuhi, Jumapili, ukungu bado umelala juu ya malisho ya Kirolirwe. Ng'ombe wanasikika wakiitana lakini hawaonekani. Nyuma ya nyumba yake, katika kibanda cha jikoni, Narcisse Sebarenzi anasugua siagi ndani ya unga wa ngano kwa ncha za vidole. Anauinua unga, anauachia udondoke, anauinua tena.

Anapika pai ya kuku na uyoga, chakula kilichomfanya ajulikane kuanzia hapa hadi Masisi. Wazungu wa mashamba wana jina lao la Kifaransa la kuiita. Majirani wanaiita mkate wa kuku, basi, na hawaoni la kuongeza. Narcisse ameioka mara nyingi kiasi kwamba ameacha kuhesabu, mbele ya wageni wa kila cheo, na hakuna aliyewahi kumwona akibabaika.

Leo anababaika. Kijiko kimemponyoka mara mbili. Chumvi ameitia, akasahau kama ameitia, akaonja unga mbichi ili apate hakika. Mkewe Adelaïde, aliyeketi kizingitini akisafisha uyoga, anamtazama kwa jicho la pembeni na kuzuia kicheko.

"Leo Papa yake njo anakuja kukula," Adelaïde anamweleza mwandishi wa gazeti hili. "Miaka munane hajakula kwetu hata kiazi ya kuchoma."

Mzee huyo, baba yake Narcisse, ni Ladislas Makuza, mfugaji tangu utoto wake. Mwaka 1939 alivuka mpaka na wanawe watatu na ng'ombe kumi na wanne akitafuta majani, akayapata katika milima ya Masisi. Ni Mkristo wa kweli na misa haimpiti. Lakini kuhusu maziwa ana katekisimu yake ya pili, aliyoachiwa na wazee wake, nayo ina amri mbili tu.

Ya kwanza, maziwa hayawekwi motoni. Ya pili, aliyekula uyoga hanywi maziwa siku hiyo, mpaka jua jingine litoke. Anayevunja amri hizi hajidhuru yeye mwenyewe bali anawadhuru ng'ombe: chuchu zinakauka na ndama wanakufa. Makuza hajawahi kuonja uyoga maishani mwake, na sababu ni nyepesi. Hajawahi kukubali kupitisha siku bila maziwa.

Sasa mchukue mtoto wa mzee wa namna hiyo, umfanye mpishi.

Narcisse aliingia jikoni mwaka 1946, akiwa na miaka ishirini na mitano. Ng'ombe wa baba yake walikwisha kupata wachungaji, yaani kaka zake wawili, na katika shamba moja la mifugo walikuwa wanatafuta mtu wa kusaidia jikoni kwa faranga mia na ishirini kwa mwezi na posho ya maharage. Makuza alinung'unika kuwa mwacha asili ni mtumwa, lakini hakumzuia.

Mke wa mwenye shamba, ambaye Narcisse humwita Madame tu, ndiye aliyemfundisha pai. Kuku achemshwe taratibu mpaka nyama iachane na mfupa. Uyoga ukaangwe na kitunguu. Kisha utengenezwe mchuzi mweupe wa siagi, unga na maziwa ya moto, umwagwe juu ya kuku na uyoga, na vyote vifunikwe kwa unga uliosukumwa kwa chupa. Yaani amri zote mbili za Makuza zivunjwe katika bakuli moja.

Siku ya kwanza Madame alipika mwenyewe. Siku ya pili alimwachia Narcisse jagi la maziwa, akaenda zake bustanini.

"Nilisimama na ile jagi," anakumbuka Narcisse. "Mukono ilikataa. Nilikuwa naona Papa, naona na ngombe zake. Njo nikachota maji yenye kuku ilitokoteaka, nikatia ile pa nafasi ya maziwa."

Mchuzi ulitoka mzito na mweupe vilevile. Madame alikula, akafuta midomo, akasema kuwa mwanafunzi amemshinda mwalimu. Tangu siku hiyo pai ya Kirolirwe haikuingiwa na tone la maziwa, na aliyejua ni mmoja tu. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Na lile jagi? Kila alipopika, Narcisse alilibeba chini ya aproni hadi zizini na kulimimina katika hori la ndama. Anaapa kwa ishara ya msalaba kuwa hakunywa hata tone. "Nilirudishiaka ndama mali yao," anasema, na kwa uso wake unaona kuwa hatanii.

Ulikuwa uongo, naye halifichi hilo. Lakini uongo ukikaa sana hudai nyumba, na huu ulidai nyumba ya Narcisse. Mwaka 1949 baba yake alipita shambani kumsalimu, akachungulia jikoni. Akaona moto unawaka, kikapu cha uyoga mezani, na kando yake jagi la maziwa. Hakuuliza neno. Aligeuka na kurudi kwake, na juma lile ng'ombe wake wawili wakakauka.

Ng'ombe hukauka kwa mambo mengi, na kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Makuza hakutaka kusikia habari ya kiangazi. Alituma ujumbe kwamba hatakula tena katika nyumba ya mtu anayechemsha maziwa na uyoga. Neno hilo akalishika. Narcisse na Adelaïde walipofunga ndoa, mzee alikaa kanisani mbele kabisa, akaimba kwa sauti, kisha wakati wa karamu akaenda kukaa chini ya mti na wachungaji.

"Salamu tulikuwa tunapeana," anasema Narcisse. "Sahani hapana."

Mtu atauliza kwa nini hakumwambia baba yake ukweli. Alijiuliza hilo kila Jumapili. Lakini mzee angefurahi, angesimulia, na Kirolirwe neno halilali njiani. Madame angesikia kuwa mpishi wake anapewa maziwa na hayatii chunguni, na nani angeamini habari ya ndama? Narcisse angefukuzwa kama mwizi. Basi akanyamaza huku na huku, akala pilipili ya uongo wake peke yake.

Ukweli ulitoka mwezi wa pili mwaka huu, na kilichoutoa ni huruma. Madame aliugua tumbo, na daktari akamkataza maziwa na kila kilichopikwa kwa maziwa. Alikuja jikoni na macho mekundu kumwambia Narcisse asipike tena ile pai, maana kuinusa bila kuila ni adhabu. Narcisse alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha kazi. Ndipo akamwambia kuwa katika pai yake hapakuwahi kuwa na maziwa hata siku moja.

Madame aliuliza yalikwenda wapi. Akaambiwa. Alimkodolea macho, kisha akaanguka kitini akicheka mpaka akashika tumbo lake bovu. Alasiri ile akala vipande viwili, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameisimulia hadithi hiyo kwa kila aliyefika shambani.

Kutoka hapo ilimfikia Makuza, mlangoni mwa kanisa. Hakuiamini. Alisema maneno ya watu hayakamuliwi, na kwamba yeye atakwenda kuona kwa macho yake. Akachagua Jumapili. Ndiyo hii.

Anafika saa tatu, na misa ya kwanza amekwisha kuisali. Ni mrefu, mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote. Mkononi ana fimbo, na kwapani chombo chake cha mti cha kunywea maziwa, kimejaa, kimefunikwa kwa kifuniko kilichosukwa. Maana yake kila mtu hapa anaielewa: mzee amekuja na chakula chake. Anampa Adelaïde mkono, anamuuliza hali ya ndugu zake, anakataa kiti cha sebuleni. Anataka jikoni.

Adelaïde anampisha kwa heshima zote. Yeye ni binti wa wakulima wa Lushebere, naye ana mwiko wake: kwa mama zake kuku ni chakula cha wanaume. Anawafuga, anajua kila uyoga wa mlimani kwa jina na tabia, lakini pai iliyompa mumewe sifa hajawahi kuionja. Ndiyo sababu kila Narcisse anapooka hubakiza kipande cha unga, akakijaza maharage na kitunguu, akakikunja vizuri, akakioka pembeni kwa ajili yake. Anafanya hivyo bila kuambiwa, na Adelaïde anakula bila kushukuru kwa maneno. Miaka yote hii ni hivyo.

Makuza anakagua. Anachungulia vyungu, ananusa sufuria, anainua hata kapu la mkaa. Maziwa hayamo. Anaketi juu ya kigoda, chombo chake mapajani, na Narcisse anaendelea na kazi. Anayeyusha siagi, na siagi mzee hana ugomvi nayo, kwa kuwa hata marehemu mkewe aliitia kwenye maharage. Anatia unga, anakoroga. Anamimina maji ya kuku kidogo kidogo.

Mchuzi unakuwa mweupe.

Makuza anasimama. Chombo nusura kimwagike. "Na ile nyeupe?" anauliza. Hapaazi sauti, na hilo linatisha zaidi.

 Miaka yote Narcisse alijua mchuzi ule unafanana na maziwa. Ndio uliomdanganya Madame. Hakufikiri kwamba utamsaliti kwa baba yake. Mzee amekwisha kushika fimbo aondoke. Adelaïde ndiye anayesema, kwa upole, kuwa Papa asimame pale pale aone tena toka mwanzo.

Narcisse anasukuma sufuria ya kwanza pembeni na kuweka nyingine tupu, akamwonyesha baba yake ndani yake. Siagi. Unga. Maji ya kuku, kijiko kwa kijiko, mzee akiwa ameinama mpaka mvuke unampiga usoni. Weupe unakuja tena, polepole, mbele ya macho yake. Makuza anachovya kidole katika ule mchuzi wa moto, anakiweka ulimini, anafumba macho.

Katika milima hii yote hakuna ulimi unaojua maziwa kuliko ule. Anaweza kukuambia ng'ombe alilala wapi na alikunywa maji ya kijito gani. 

"Haiko maziwa," anasema hatimaye. Anaketi. Kisha anaongeza, akiangalia chini, "Na zile ngombe mbili, basi, ilikuwa ni jua."

 Narcisse anageuka kusukuma unga kwa chupa, na chupa inakwenda mrama kwa sababu macho yamejaa maji.

Hapa kwake hana jiko la chuma kama la shambani. Anafunika pai ndani ya sufuria kubwa, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, na kale ka pai ka maharage kamejibanza pembeni. Wanangoja karibu saa nzima. Ndipo anapolieleza gazeti hili mpango wake. Madame anarudi Ulaya mwakani na ameahidi kumwachia lile jiko. Narcisse anataka kulipeleka Sake, pale malori yaendayo Masisi na Walikale yanapopumzika, afungue hoteli ndogo ya meza nne. Shemeji zake wa Mpofi watampelekea uyoga mkavu wakati wa kiangazi. Kiwanja amekwisha kukiona.

Kwa nini basi hajakichukua? Anamtazama baba yake kwanza, kisha anashusha sauti.

"Kukaribisha batu ya barabara mu nyumba yenye Papa yangu anakataaka kukula? Hapana. Ile haingekuwa hoteli, ingekuwa haya."

Makaa yanaondolewa. Pai inatoka na rangi ya asali, ukingo mmoja umeungua kidogo, jambo ambalo siku nyingine lingemnyima Narcisse usingizi. Anakata kipande, anakiweka kwenye sahani ya bati, anakipeleka kwa mikono miwili. Nyama nyeupe inaonekana, na uyoga, mwingi, hauna mahali pa kujificha.

Makuza anaiangalia sahani. Kisha anaangalia chombo kilicho mapajani pake, maziwa ya alfajiri aliyoyakamua mwenyewe. Miaka zaidi ya sabini, hajawahi kulala bila hayo.

Anafanya ishara ya msalaba, anamega, anakula. Anamega tena. Hasemi kama ni tamu au si tamu. Anakula mpaka kwenye ule ukingo ulioungua, anaumaliza nao. Halafu anainua chombo chake kwa mikono miwili na kumnyooshea Adelaïde, ambaye maharage yake bado yanatoa mvuke.

"Kunywa, mutoto yangu," anamwambia. "Mimi leo nimekula uyoga."