Kumtafuta Kezia wa Amerika Mjini Sydney

Nilipanda ndege kwa sababu ya mtoto asiye na jina. Msidanganywe huko sokoni, ati Wambui ameenda kutembea, ati ameenda kupigwa picha na wazungu. Binti yangu Njeri, yule muuguzi wa Sydney, alijifungua msichana, na wiki tano baadaye mtoto alikuwa bado anaitwa "Baby". Sisi Wakikuyu hatuna shida na majina. Msichana wa kwanza anachukua jina la mama ya baba yake, wa pili jina la mama ya mama yake, mambo yamekwisha. Lakini baba ya huyu, Daniel, ni Mzungu wa Australia, na nilipomuuliza kwa simu mama yake anaitwa nani, alimrudishia Njeri simu akatoka nje.

"Mami, alimwacha akiwa na miaka sita," Njeri akaniambia. "Na alishakufa. Daniel hataki jina lake litajwe humu ndani."

Nikasema basi nakuja mwenyewe. Mtoto bila jina ni kama mgeni aliyeachwa mlangoni na mizigo yake.

Asubuhi ya kufika nilipata hasara. Nilikuwa nimebeba kilo mbili za njahi, yale maharage meusi ya wazazi, kwa maana mzazi asiyekula njahi maziwa atayatoa wapi? Pale uwanja wa ndege mama mmoja wa ukaguzi akazimwaga kwenye pipa huku akiniita "mpenzi". Sheria yao, mbegu haziingii. Nikamwambia kwa Kikuyu nilichokuwa nacho moyoni. Akatabasamu.

Ingleburn, wanakokaa, ni mtaa wa nyumba za matofali na kimya kingi. Unaweza kutembea barabara nzima usisalimiwe ila na mbwa. Daniel alinipokea mlangoni ameinamisha kichwa kama mtu aliye mbele ya hakimu. "Shikamoo, Mama!" Mimi, mtu wa Nyahururu, ambaye sijaamkiwa shikamoo tangu nizaliwe! Alikuwa amejifunza kwenye simu. Nikampenda hapo hapo, lakini sikumwonyesha.

Jioni ya pili tukakaa mezani, Njeri akitafsiri. Barua ya serikali ilikuwa pale juu ya friji: siku za kuandikisha jina zilikuwa karibu kuisha.

"Tumwite Wambui," Daniel akasema. "Yaishe."

Nitasema kweli, moyo uliruka. Nani hataki jina lake liitwe huko Sydney? Lakini nikamwambia, "Hiyo ni zamu ya wa pili. Ukinipitisha mbele, itakuwa kama wewe ulianguka kutoka mbinguni bila mtu nyuma yako."

Daniel akaingia chumbani. Kisha akaleta bahasha, kitu pekee kilichokuja naye kutoka kwa mama yake. Ndani mlikuwa na picha ya zamani ya mwanamke amekunja mikono ya gauni hadi kwenye viwiko, mikono minene ya mtu wa kazi. Nyuma yake imeandikwa: Kezia, kutoka Amerika, Parramatta. Aliwahi kuambiwa kwamba ni bibi wa kale upande wa mama yake.

"Huyu nitamkubali," akasema.

Njeri alifurahi. "Kezia! Si ni jina la binti ya Ayubu? Tuandike kesho."

"Hatuandiki kitu," nikasema. "Mnamjua? Mnajua kama alikuwa mwizi? Kama alitupa watoto wake? Jina haliokotwi barabarani."

Jumanne tukapanda treni kwenda Parramatta, tukabadilisha mara moja, mimi nimembeba Baby mgongoni kwa leso na watu wanageuka kutazama. Parramatta ni mji wa maofisa na maghorofa, lakini katikati yake wameacha mambo ya zamani. Kwenye maktaba, mama mmoja mwenye miwani shingoni alitafuta Kezia katika vitabu vya mazishi ya miaka mia moja na kitu iliyopita. Akampata. Mzaliwa wa Amerika, mfuaji nguo. Akatuonyesha njia ya makaburi.

Jiwe lake limeinama kama mtu anayesikiliza. "Kezia, mama ya Honora." Hakuna zaidi. Lakini chini yake kulikuwa na maua mabichi, na kikadi chenye namba ya simu: kama wewe ni wa ukoo huu, tafadhali piga. Daniel aliishika ile kadi mpaka nikadhani ataila. Njeri ndiye aliyepiga.

Alhamisi tukafika kwa mwenye maua, Marjorie, kizee cha miaka themanini na kitu, katika fleti karibu na mto. Alimshika Daniel kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Masikio yetu hayo. Pole kwa kuyarithi." Kisha akaleta chai, na Biblia ya Kezia yenyewe, iliyoandikwa majina ya ukoo mzima.

Alitusimulia hivi. Kezia aliletwa na mume aliyefuata dhahabu. Mume akaenda machimboni asirudi, yeye akabaki na mimba na sanduku moja. Alizaa msichana mmoja tu, huyo Honora, akamlea kwa kufua nguo za watu. Honora akazaa tisa, na hao tisa ndio ukoo wote. Kezia aliwapanga kwa umri kila Jumapili akikagua kucha. Hakuna mjukuu aliyelala njaa Kezia akiwa hai.

Nikaona sasa tumefika. Nikapiga meza. "Kwa hiyo mama mkwe wake aliitwa Honora! Kumbe hata nyinyi mnafuata utaratibu!"

Njeri alipotafsiri, Marjorie alicheka mpaka kifaa chake cha sikio kikadondokea kwenye chai. "Mama mkwe aliitwa Prudence. Kezia alimwandikia mara mbili akiomba msaada, hakujibiwa. Hakuna Prudence hata mmoja katika kitabu hiki."

"Na Honora ni nani?"

"Mwenye nyumba ya kufulia. Mwairishi. Hakuwa ndugu ya mtu yeyote. Alimkuta Kezia amekaa juu ya sanduku lake, akamwambia, 'Ingia, kuna supu.'"

Nilimeza chai yangu polepole. Miaka sitini na nane najua kupanga majina, na mfuaji nguo aliyekufa zamani ananifundisha.

Kwenye treni ya kurudi, tukiwa karibu kushuka, Daniel alinigeukia. Kisha akasema, "Kuna Joyce." Joyce ndiye aliyemchukua akiwa na miaka tisa, baada ya nyumba mbili za walezi kumshindwa. Alikuwa akifunga makatoni kiwandani, akamlea mpaka akawa mtu mzima. Siku moja alimsihi akamwone mama yake mzazi kabla hajafa. Daniel akakasirika, akaondoka na begi. Mama akafa hajamwona. Tangu hapo miaka minane anaona haya kurudi.

"Anakaa wapi huyo Joyce?" nikauliza.

"Ingleburn. Mtaa wa tatu kutoka kwetu."

"Wewe! Mimi nimevuka bahari, wewe umeshindwa kuvuka barabara?" Njeri alitaka kulainisha. Nikamwambia atafsiri vilevile.

Jumamosi tukaenda kwa miguu. Joyce alifungua mlango na kitambaa cha vyombo begani. Alimtazama Daniel toka juu hadi chini.

"Umekonda," akasema. "Ingieni, nzi wanaingia."

Ndani akamchukua Baby bila kuomba, kama mtu anayejua kazi. "Anaitwa nani?"

 Nikamsukuma Daniel mgongoni kwa mkoba.

"Tumekuja kuomba jina lako," akasema.

"La kwangu? Mimi si mama yako, mwanangu. Mimi nilikulea tu."

Hapo nikasimama. Sikumngoja Njeri. "Mama Daniel," nikamwita, na nikampa mikono yote miwili. Njeri akamweleza kwamba kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake, na mtoto wake ndiye huyu. Joyce alikaa kwenye kiti, Baby kifuani, akasema chai itapoa, ingawa alikuwa hajatengeneza chai.

Jumatatu mtoto akaandikishwa Joyce. Joyce, kama nusu ya kwaya yetu! Marjorie alipopigiwa simu akasema ataliandika kwenye Biblia ya Kezia kwa wino, sio penseli.

Nimerudi nyumbani. Nilikwenda kutafuta damu, na sioni haya kuwaambia kwamba nilikuwa nimejua nusu tu ya desturi yetu. Nusu nyingine nimeipata kaburini Parramatta.

Jana Njeri alipiga simu. Joyce alikuwa kwao, nilimsikia akiosha vyombo. Mtoto alikuwa analia, na Daniel akambembeleza kama nilivyomfundisha, kwa sababu aliyebeba jina la mama yako unamwita mama. "Lala, Mum," akamwambia. "Lala, Mum."

Vyombo jikoni vikanyamaza.