Nilienda kutalii Mutrah nikaacha sindano za Bibi kwenye kopo la aiskrimu

Wakuu, salamu kutoka Muscat. Haya yamenikuta mwenyewe Ijumaa iliyopita. Sijatia chumvi, na bado yananiuma.

Mimi ni Mkenya, namtunza bibi mmoja Muomani hapa Al Khoudh. Familia yao ilitoka Zanzibar, kwa hiyo tunaongea Kiswahili, ingawa changu anakicheka kila siku.

Bibi ana sukari. Anadungwa kabla ya chakula cha mchana, na sindano hazipendi kabisa. Nimezikuta chini ya mto. Nimezikuta kwenye pipa la taka. Mwezi uliopita alikosa dozi, akalazwa siku tatu.

Tulipotoka hospitali nikaanza kuzificha kwenye friji, nyuma ya ndimu, ndani ya kopo tupu la aiskrimu. (Sote tumekua tukijua kopo la aiskrimu halina aiskrimu.) Sikumwambia hata binti yake, Salma, maana Salma akibanwa na mamake hana siri.

Ijumaa nikapata off ya kwanza baada ya miezi minne. Bibi ndiye aliyenisukuma nitoke. Aliteremka melini pale bandari ya Mutrah akiwa mtoto, na siku hizi magoti hayamruhusu kwenda popote.

"Nenda ukanitazamie," akasema. "Ukirudi unihadithie."

Nikapanda basi mpaka Ruwi, nikakutana na marafiki zangu wawili: Achieng wa saluni, na Mwende anayefanya usafi hotelini kule Bustan. Tukachukua teksi hadi Mutrah.

Meli ya watalii ilikuwa imetia nanga. Mwende alitaka picha na kila kitu: meli, ngome, mpaka kile chetezo kikubwa kilichojengwa kilimani. Mimi tangu asubuhi nilikuwa na wasiwasi, sijui wa nini, nachungulia simu kila mara.

Tulipoteremka kutoka ngomeni, Achieng akanunua aiskrimu.

Wakuu, hapo ndipo nilipokumbuka. Salma ndiye angemdunga siku hiyo, na sikuwa nimemwambia kopo liko wapi.

Nikapiga simu, haipokelewi. Nikatuma meseji, tiki moja. Ijumaa nyumba yao hujaa wageni, nani ashike simu? Achieng akasema kule kuna watu wazima, watatafuta. Nikajaribu kutembea nao. Kila hatua mbili nachungulia simu, nawaza hospitali, nawaza kazi yangu.

Tulikuwa tumepanga kusubiri soko lifunguliwe alasiri. Sikuweza. Nikawaaga, Mwende akanuna, nikachukua teksi moja kwa moja hadi Al Khoudh.

Nimeingia, nikakuta watu wanakula wali. Bibi yuko kwenye kiti chake, na kando yake kopo la aiskrimu, wazi. Salma akasema ameshadungwa. Bibi mwenyewe ndiye aliyemwelekeza nyuma ya ndimu.

Nikakaa chini kando yake. Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu siku ya kwanza. Kule hospitali aliniona nikilia, ndipo akaamua asizitupe tena.

Kisha akaniuliza Mutrah ikoje.

Nikafungua picha alizonitumia Mwende nimwonyeshe. Kila picha niliyomo, nimeinamia simu. Nikamwambia meli ni kubwa. Sikuwa na lingine.

Akaisukuma simu kando.

"Sindano nnajua zinakaa wapi, mwanangu. Mutrah ndo siijui ikoje sasa."

Niliona aibu sana.

Somo nililopata: ukificha dawa, mwambie mtu mmoja. Na ukitumwa macho, yapeleke. Mimi nilipeleka miguu tu, roho ilibaki kwenye friji.

Mnaofanya kazi ya kutunza watu, siku ya off mnatulia vipi? Na kama kuna mtu yuko Mutrah leo, tafadhali aandike hapa chini anachokiona, hata kidogo. Bibi yuko kando yangu, nitamsomea.