Samaki Wamekula

Katika daftari la zamu la mtambo wa maji kuna safu za shinikizo la pampu, kiwango cha tope, klorini na kina cha tangi kuu. Safu ya mwisho haikuchapwa na mtu yeyote wa ofisini. Mama Samaki, mwendeshaji wa mtambo, aliichora mwenyewe kwa rula, ukurasa baada ya ukurasa, kwa miaka kumi na tisa, na kila asubuhi aliandika humo maneno mawili: samaki wamekula.

Wahandisi waliikuta safu hiyo wakacheka, wakahamishwa, wakaja wengine, nao wakacheka.

Samaki wenyewe ni perege sita, ndani ya tangi la kioo kando ya mlango wa chumba cha pampu. Bomba jembamba, linalotoka kabla ya valvu ya kuingizia maji mtamboni, huwaletea maji ya mto kabla hayajachujwa wala kutiwa dawa. Kilichomo mtoni huwafika wao kwanza. Mkubwa wao anaitwa Mwenyekiti, kwa kuwa hufika mezani kabla ya wote.

Aliwaweka kwa sababu ya kosa moja la zamani. Alipokuwa mgeni kazini, aliona samaki wafu wakielea kwenye wavu wa kuingizia maji. Mita zilikuwa sawa, na hakuna aliyemuuliza, basi akanyamaza. Siku ya tatu wodi zilijaa watu wanaotapika na kushika matumbo. Binti yake alikuwa na miaka miwili, naye akalazwa humo siku tisa. Alipona. Lakini mama yake alirudi kazini na tangi la kioo mgongoni, akaliungia bomba la mto kwa mkono wake.

Alhamisi hiyo binti huyohuyo alikuwa hospitalini tena, safari hii kwa furaha, akisubiri kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mama Samaki aliingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, simu kifuani, akampokea mwenzake wa usiku, bwana mmoja aliyeitwa Usingizi ingawa hakuna aliyewahi kumkuta amelala. Akatupa pumba kidogo tangini.

Hakuna aliyekuja. Mwenyekiti alikuwa juu ya maji, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kusema jambo na neno limempotea. Mmoja alikuwa amelalia ubavu.

Alitazama mita zote. Zote zilikuwa nzuri. Kisha akaenda kwenye valvu ya mto, akaizungusha mizunguko ishirini na miwili mpaka ikagoma. Akawahamishia samaki kwenye beseni la maji ya mvua nyuma ya jengo, akaandika: Samaki hawajala. Nimefunga. Ndipo akampigia mhandisi.

"Mama, umefunga mto mzima kwa sababu ya kitoweo?"

"Hao si kitoweo, mwanangu."

"Mashine inasemaje?"

"Inasema kila kitu kizuri."

"Sasa?"

"Mashine hainywi maji."

Mhandisi alifika na vifungo vya shati havijakutana na matundu yake. Alichukua sampuli akaituma maabara. Majibu yangetoka saa tisa alasiri. Maji ya jana yaliyobaki kwenye tangi kuu, hata yakifunguliwa kwa kubana, yangeisha saa kumi.

"Wakikuta hakuna kitu, mimi ndiye nitakayeiandika barua ya kukusimamisha," alisema taratibu. "Na umebakiza miezi kumi na moja ustaafu. Unanielewa, mama?"

"Nakuelewa."

Kufikia saa tatu mitaa ya juu ilikuwa mikavu na simu ilikuwa haipumui. Jirani yake fundi cherehani alipiga akipiga kelele: "Mama Samaki, nina sabuni machoni! Nimesimama hapa kama sanamu!"

"Jifute na kitambaa. Si unavyo vingi?"

Kisha binti. "Mama, huku wodini maji yanakuja kwa matone. Muuguzi anasema eti kuna mama mmoja huko kafunga."

"Ndiye mimi."

Ikasikika pumzi ndefu ya uchungu. "Basi, mama, kama umefunga, una sababu. Lakini fanya haraka. Huyu hataki kusubiri."

Saa tano Usingizi alirudi, macho mekundu. Alisimama mlangoni akisokota kofia yake.

"Dada, usiniue. Jana usiku niliwapa mkate. Nusu. Ulikuwa umekauka, nikaona huruma kuutupa."

Mama Samaki akaketi. Aliyajua mambo ya mkate. Ukioza tangini huchafua maji, na samaki huja juu kutafuta hewa. Ndivyo alivyowapoteza wawili mwaka wa kwanza. Huenda basi mto ulikuwa mzima, na yeye ameukausha mji, na wodi ya wazazi pamoja nao, kwa nusu mkate. Alikwenda akaishika valvu. Chuma kilikuwa baridi. Akaiachia.

Nyuma ya jengo, kwenye pipa la mvua, alikuwa anafuga vifaranga vya perege vile vya kula viluwiluwi vya mbu. Hivyo havikuwahi kuuona mkate. Alijaza ndoo moja maji ya mvua na nyingine maji aliyoyateka mtoni mwenyewe, akatia vifaranga vitatu kila ndoo.

"Nisameheni, wanangu," alisema, akakaa kuvitazama.

Usingizi alichuchumaa kando yake. "Wanaogelea vizuri, dada. Fungua tu, tuombe radhi yaishe."

"Nyamaza."

Baada ya dakika ishirini kifaranga kimoja cha ndoo ya mto kilianza kuzunguka, kama jani kwenye kijito. Baada ya arobaini vyote vitatu vilikuwa ubavu. Vya maji ya mvua vilikuwa vinafukuzana. Alivirudisha vile vya mto kwenye pipa haraka. Viwili vilizinduka, kimoja hakikurudi. Alikifunika kwa jani, akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Alimwita mhandisi, akamweleza yote, bila kuuficha mkate. Mhandisi aliinama juu ya zile ndoo, akachukua maji mengine ya mto na vifaranga vingine viwili, akasimama na saa mkononi hadi alipoona mwenyewe. Aliita lori la maji la mji wa jirani liende moja kwa moja hospitalini, kisha akapanda pikipiki kuufuata mto kwenda juu.

Saa nane na nusu alipiga simu akihema. Chini ya daraja, vibarua wa shamba la mboga walikuwa wanasuuza mapipa ya dawa ya wadudu. Walikuwa wameanza jana jioni, na maji ya pale hufika mtamboni alfajiri. Hakuna aliyewahi kuwaambia maji yale huenda wapi. Saa tisa maabara nayo ikasema: dawa ya wadudu, mara nyingi kupita kiasi.

Mama Samaki aliegemea ukuta. Usingizi alimletea kiti, kisha akabandika karatasi kwenye tangi: MARUFUKU MKATE.

Saa kumi na nusu binti alipiga.

"Kaogeshwa kwa maji gani?" Mama Samaki aliuliza.

"Mama! Hata hujauliza ni wa kike au wa kiume!"

"Maji gani?"

"Ya lori. Muuguzi kayachemsha mbele yangu."

"Haya. Ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kike," binti alisema, na wote wawili wakacheka mpaka wakalia.

Mapipa yaliondolewa siku hiyohiyo. Samaki wafu walielea kingoni siku mbili, wakaokotwa na kufukiwa mbali asije mtu akawauza. Mji uliishi kwa visima vya zamani na malori. Wodini hakulazwa hata mmoja mwenye ugonjwa ule wa zamani. Jumapili maabara ikasema mto umesafika.

Mhandisi alikuja na majibu hayo mkononi, lakini hakuigusa valvu. Alisimama mbele ya kioo. Maji ya mto yalikuwa yamepita humo tangu alfajiri, na perege walikuwa wamerudi kwao, watano. Yule wa ubavu hakuinuka tena. Akachota pumba kwa vidole vyake mwenyewe, akazidondosha.

Mwenyekiti akaja wa kwanza.

Mhandisi akaandika kwenye safu ya mwisho, kwa mwandiko wake wa haraka: samaki wamekula. Ndipo wakaizungusha valvu pamoja, yeye na Mama Samaki, mizunguko ishirini na miwili, na pampu zikaanza kunguruma.

Simu ikalia. Fundi cherehani.

"Yametoka!"

"Haya," alisema Mama Samaki, "katoe sabuni hiyo machoni."