Tulianzia Sehemu ya Tano

Enzi zetu pale Kilosa hakuna mtu aliyeuliza aanzie wapi. Ulianzia ulipokuta. Ukikuta wenzako wanacheza rede, uliingia upande uliopungukiwa na mtu. Ukikuta kombolela imeshaanza, ulijificha kwanza, ukauliza baadaye nani anatafuta. Hata chakula kilikuwa hivyo. Ukichelewa kurudi kutoka mtoni ulikuta ugali umeshaliwa pembeni, ukaanzia hapo hapo na mchicha uliobaki, na hakuna aliyekuonea huruma.

Nayasema haya kwa sababu nina hasira, na bora niseme mapema. Binti yangu Neema, aliye kidato cha pili, yuko likizo hapa nyumbani Mikumi. Mjomba wake wa Morogoro amempa mashine ya gemu kwa kufanya vizuri darasani, pamoja na mfululizo mzima wa gemu moja la hadithi. Ni lile ambalo unamwongoza kijana na wenzake, wanatembea nchi kwa nchi, wanapigana na madubwana, wanaongea na kila wanayemkuta njiani. Gemu hilo limekuwa likitoka sehemu baada ya sehemu tangu mimi ni mtoto. Neema anazo zote. Mpaka juzi, likizo ikielekea ukingoni, alikuwa hajacheza hata moja, kwa sababu alikuwa anachagua pa kuanzia.

Alishinda na simu, akisoma watu asiowajua wanavyobishana. Mmoja anasema anza ya kwanza upate asili ya mambo. Mwingine anasema ya kwanza imezeeka, picha zake zinaumiza macho, anza ya tisa. Kuna mmoja ana video ndefu kuliko mechi ya mpira, amezipanga sehemu zote kuanzia nzuri mpaka mbovu kabisa. Juzi tukiwa mezani nikamuuliza mwanangu, hiyo mbovu kabisa ni ipi.

Akajibu bila kuinua macho, "Ya tano, baba. Hiyo wote wanasema uiruke."

Nikaweka kijiko chini. Mama Neema akaniangalia, akajua chakula kimeshaharibika.

Ya tano ndiyo yetu. Ndiyo iliyokuwa kwenye banda la Mjomba Pius, nyuma ya stesheni, na ndiyo pekee tuliyoijua. Mjomba Pius hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Alikuwa fundi wa reli, kama babu yangu aliyekuja kutoka upande wa Kigoma kupanga mataruma chini ya reli, na alipopunguzwa kazi alinunua televisheni na mashine ya gemu, akajenga banda la mabati na kuweka mabenchi mawili ya mbao za kreti. Mchana mabati yale yalichemka, jasho likatutiririka mpaka kwenye kope. Mlangoni mama yake rafiki yangu Shabani alikaanga mihogo, akaipasua na kuijaza chumvi ya pilipili, na pedi za mashine zilikuwa zinanuka mihogo hiyo muda wote. Hakuna aliyelalamika. Siku hizi mtoto akiona alama ya kidole kwenye kioo cha simu anatafuta kitambaa maalumu.

Shikamoo yako ilitakiwa kufika kabla yako. Ukiingia bila kuamkia, Mjomba Pius alikutoa nje, ukaja upya kama mtu mwingine, ukasema shikamoo, akakuitikia marahaba kana kwamba ndiyo kwanza anakuona. Mama yangu alikuwa akinikuta huko ananivuta sikio huku anauliza, "Hiyo tivii ndiyo itakayokulea?" Nilikuwa sijibu. Ulikuwa hujibu, siku zile.

Sidii za mpira zilikuwepo, na za ngumi. Ya hadithi ilikuwa moja. Mjomba Pius aliipata kwa msafiri mmoja stesheni, haina kasha, imeandikwa namba tano kwa kalamu nene. Ukiiwasha, maneno yote yalikuwa vijumba vidogo vya vijiti. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilijua ni Kijapani. Wakati ule tulijua tu kwamba watu wale wanaongea sana na sisi hatuambulii kitu. Hakuna aliyeuliza sehemu nne za mwanzo ziko wapi. Tungeulizia wapi?

Aliyetuokoa ni Mwajuma, mtoto wa kike pekee aliyekuwa akija bandani. Alikuwa darasa moja na mimi, akiishi na bibi yake nyuma ya soko. Baba yake alikuwa amekwenda machimboni, na salamu zake zilikuwa zimekatika muda mrefu. Siku ya kwanza Mwajuma aliketi mwisho wa benchi, akatazama vile vijumba vinavyopita, akaanza kusoma kwa Kiswahili, taratibu, kama anasoma kitabu cha shule. Yule kijana mwenye upanga akamwita Saidi. Saidi alikuwa anamtafuta baba yake, aliyeondoka na treni ya mizigo na hakurudi. Na yule mzee mwenye nywele nyeupe aliyekuwa akionekana kila mji, kisha anatoweka, ndiye baba mwenyewe. Kila Saidi alipofika, mzee alikuwa ndiyo kwanza ameondoka.

Tulimwamini. Sijui nieleze vipi. Tulikuwa watoto, lakini hatukuwa wajinga, tulijua Mwajuma hajasoma lugha ile popote. Ila mzee yule alipogeuka kona akapotea, Mwajuma akasema, "Hajamwona mwanawe. Angemwona angesimama," banda zima lilisahau mihogo mkononi.

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Shabani ndiye aliyepigana, kwa sababu alikuwa na vidole vyepesi. Masanja, ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe upande wa Msowero wakamwacha mjini kwa baba yake mdogo asome, aliwapa majina wale wanyama wenye manyoya waliowabeba Saidi na wenzake. Kila mmoja alimpa jina kwa Kisukuma, kama baba yake anavyofanya zizini, na mnyama akiumizwa vitani Masanja alinuna mpaka jioni. Mimi nilikuwa nakumbuka njia. Safari yetu yote ilikaa kwenye memori kadi moja ya Mjomba Pius, tukaisogeza kidogo kidogo, muhula mzima.

Ndipo alipokuja Dickson. Alikuwa mtoto wa dada yake Mjomba Pius, anasoma sekondari Dar es Salaam, amekuja likizo na viatu vyeupe na sidii yake mwenyewe. Ilikuwa sehemu ya kwanza ya gemu lile lile, ya Kiingereza. Akasimama nyuma yetu akatutazama tukicheza, akacheka. Akatuambia tumeanzia katikati kama watu walioingia ukumbini picha imefika nusu. Kwamba gemu lile lina mpangilio, na asiyeanza ya kwanza hajui lolote. Kisha akamsikiliza Mwajuma akisoma, akacheka zaidi.

"Huyu anawadanganya," akasema. "Hii nimeicheza kwa jamaa yangu, ya Kiingereza. Huyo mzee siyo baba yake. Ni mwalimu wake wa upanga. Huyo kijana hana baba humu ndani."

Mwajuma alikunjua khanga ya bibi yake aliyokuwa ameikalia, akaikung'uta, akatoka.

Kesho yake tulipokuja tulikuta Dickson anacheza sehemu ya kwanza. Memori kadi ilikuwa imejaa, akafuta safari yetu ili apate nafasi. Mjomba Pius alikuwa ameenda msibani Mamboya, na aliporudi Shabani alimweleza. Mjomba hakupaza sauti. Alivua kofia, akamwuliza Dickson, "Uliwauliza?"

Dickson akasema aliona inajaza nafasi bure, kwanza hawa hawajui hata wanachocheza.

"Sijakuuliza wanajua nini. Uliwauliza?"

Dickson akakiri hakutuuliza. Lakini kilichofutwa kilikuwa kimefutwa. Nimeibiwa simu mbili maishani, nimepigwa faini za barabarani nisizostahili, na bado nikihesabu mambo yaliyowahi kunichemsha damu, lile la Dickson linakuja mbele.

Kwa siku kadhaa tulicheza kama alivyotaka. Kwa haki kabisa, Kiingereza alikijua. Alitusomea kila neno na kutufasiria, nani mfalme, nani adui, kwa nini wanapigana. Yote yalikuwa sahihi, na ilikuwa kama kusomewa matangazo ya ofisi ya kata. Mmoja akakumbuka ana tairi lake la kusukuma. Mwingine akaenda kuwinda ndege kwa manati. Masanja alibaki muda kidogo, akauliza kama sehemu ya kwanza ina wanyama, akaambiwa hawapo mpaka ya tatu, akaondoka.

Alhamisi moja mchana tukaenda kwa bibi yake Mwajuma. Tulimwamkia bibi mmoja mmoja, akatuitikia, kisha akaongea na mjukuu wake kwa lugha yao ya nyumbani, nadhani akimwuliza kundi hili limekuja kufanya nini. Mwajuma alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo. Shabani alimwomba arudi. Mimi nilimwambia Dickson ni mjinga, maneno ambayo bibi hakuyapenda, akanikata jicho.

Mwajuma akaendelea kumenya. Akasema gemu lenyewe limefutwa, na yule kaka amesema ukweli, mambo aliyosoma hayakuwemo. "Sasa nirudi nikasimulie nini? Na nianzie wapi?"

Masanja, ambaye kwa kawaida hakuongea mpaka aulizwe, akasema, "Anzia popote. Sisi tutakuja."

Akachuchumaa, akachukua kisu na muhogo. Sote tukakaa. Mwajuma akamaliza kumenya muhogo aliokuwa ameushika. Kisha akaanzia pale Saidi alipofika daraja lililovunjika, mahali ambapo kwenye gemu tulikuwa hatujafika, akasimulia bila televisheni, bila pedi, mpaka mihogo yote ikaisha. Bibi aliyekuwa anajifanya hasikii akauliza kwa Kiswahili, "Halafu akavukaje?"

Tukarudi bandani. Dickson alikuwa amesharudi Dar, na sitasema tulimuaga. Tukaanza upya sehemu ya tano, safari hii haraka, kwa sababu njia nilikuwa nazijua. Kabla shule hazijafunguliwa muhula mwingine tulifika mwisho. Adui mkubwa akaanguka, Shabani akaachia pedi, muziki ukabadilika, na kwenye kioo cheusi yakaanza kupanda maandishi, mstari kwa mstari, vile vijumba vyetu. Sasa najua ni majina ya waliotengeneza gemu. Siku ile hatukujua, tukamgeukia Mwajuma.

"Haya ni majina ya watu waliopatikana," akasema. "Wote waliokuwa wamepotea njiani."

Akaanza kuyasoma. Shabani. Masanja. Mama muuza mihogo. Mjomba Pius, ambaye alikohoa mlangoni. Mimi. Mtaa wetu wote ulipanda kwenye kioo kile. Wa mwisho alimtaja baba yake, jina lake kamili, la ukoo pia, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Kisha maandishi yakaisha, kioo kikabaki cheusi kitupu, na hakuna aliyeinuka kwenye benchi.

Baba yake hakurudi. Mwajuma alikua, akaolewa Msowero, analima mpunga na kuuza vitenge siku za gulio. Namba yake ninayo. Juzi ile, nilipotoka mezani, nilimpigia, nikamwambia kwamba huko mtandaoni dunia nzima imekubaliana kwamba ya tano ndiyo mbovu kuliko zote, haina hadithi ya maana. Nilitegemea akasirike pamoja nami. Akacheka mpaka akakohoa.

"Waache," akasema. "Si waliicheza bila mimi?"

Sasa nikiambiwa na kijana wa video kwamba hadithi ile ni dhaifu, nimpe jibu gani? Amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, ana taa za rangi nyuma yake, kila kitu amekielewa kwa lugha yake. Hajawahi kuketi benchi moja na Masanja akinuna kwa ajili ya mnyama. Na watoto wetu wanamsikiliza yeye. Wanataka mtu awahakikishie kwamba hawatapoteza muda, na wakati wanahakikishiwa likizo inaisha. Wanafanya hivyo kwa gemu, wanafanya kwa kitabu, nina hakika watafanya kwa uchumba. Sisi muda tuliupoteza wote, na ndio huu ninaoukumbuka.

Nilimwambia Neema hadithi hii, yote. Alinisikiliza kwa heshima. Akaniuliza kwa nini hatukutafuta tafsiri. Nikamwambia hakukuwa na pa kuitafuta. Akasema, "Poleni, baba."

Jana hatimaye ameanza. Amechagua ya kumi na moja, kwa sababu wengi wamesema ni salama kwa mgeni. Nilisimama mlangoni kwake nikatazama. Picha ni nzuri ajabu, majani yanatikiswa na upepo, nyuso zina machozi ya kweli. Kijana mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya nyumba inayoungua, na maneno yanapita chini kwa Kiingereza, Neema anayasoma upesi kuliko ninavyoweza mimi. Nikamuuliza huyo ni nani na amepatwa na nini. Akaondoa kisikizio kwenye sikio moja, akasema atanieleza baadaye, akikirudisha.

Nikangoja kidogo. Malori yalikuwa yanashuka barabara kuu kuelekea Iringa, nyumba inatetemeka kidogo kama kawaida. Kitandani kwake kulikuwa na nafasi ya watu wanne kukaa bila kubanana. Mwanangu anaelewa kila neno la hadithi ile, na analielewa peke yake.