Mgeni Hataniwi: Safari ya Kudai Msikiti wa Tofali

Niliondoka Tabora kwa sababu ya neno moja: wageni. Mjomba Juma alinikuta kwenye cherehani yangu, akaniambia mwanangwa wao, yaani mkuu wa kijiji aliye chini ya mtemi, amewakataza Wamanyema kujenga msikiti wa tofali.

"Anasema wageni hujenga kwa nyasi, siku ya kuondoka wasisumbue mtu."

"Kuondoka kwenda wapi?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe msomi."

Babu zetu sisi Wamanyema walivuka ziwa Tanganyika pamoja na misafara, wakazikwa pale pale kijijini kwa Mjomba, na miti ya makaburini mwao sasa haikumbatiwi na watu watatu. Tukikubali nyasi leo, kesho tutaambiwa tufunge virago. Na mimi ndiye niliyehitimu shule ya usiku, ambako taa ilitoa moshi mwingi hata tukawa tunapiga chafya za wino. Nikafunga safari.

Stesheni ya Tabora tulipanda gari moshi la Kigoma. Lilikohoa kama babu mwenye pumu, na mbuzi walitupita wakicheka. Njia nzima nilitunga hotuba. Tulipofika Usoke ilikuwa ndefu kuliko reli yenyewe.

Kutoka Usoke tulishika njia ya zamani ya misafara kwa baiskeli, Mjomba amekaa nyuma. Baiskeli ile breki yake ilikuwa viatu vyangu. Tulipokaribia kijiji nilikuwa na vumbi la kutosha kupanda mihogo.

Njiani alisimama mzee mwenye kofia pana. Mjomba akaninong'oneza: ndiye Mwanangwa Petro.

"Shikamoo, Mwanangwa."

"Marahaba. Ala! Hata vumbi la Mmanyema linanuka mawese!"

"Na wewe Mnyamwezi mbona bega limeinama? Ulikosa mzigo ukabeba jiwe?"

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Ndio utani wa makabila yetu: wao tunawacheka kwa upagazi, sisi wanatucheka kwa mawese. Nikapita kifua mbele, sijui kwamba nimeshaokota hotuba bora kuliko ile yangu.

Jioni tulisali katika msikiti wa nyasi. Niliposujudu niliona nyota kupitia ukutani. Ng'ambo ya uwanja lilisimama kanisa la jirani zetu Wamoraviani, la tofali nyekundu, zuri kweli. Hatukulionea wivu, tulitaka kuwa majirani wa kudumu kama wao.

Asubuhi, barazani, Mwanangwa Petro hakucheka.

"Wageni tunawaheshimu," alisema. "Lakini mgeni hajengi kwa tofali."

Nikasimama. Hotuba ikanitoka kichwani yote. Nikabaki na swali.

"Mwanangwa, jana ulinipokeaje njiani?"

"Nilikutukana, na ulistahili."

Watu wakacheka.

"Na karani wa Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, alipofika hapa, ulimtukana?"

"Nina wazimu? Yule ni mgeni!"

Mwanangwa akafumba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Shangazi Zuhura akainuka upande wa wanawake.

"Petro, siku ya kumzika baba yako, nani alilala kaburini kwa utani akagoma kutoka mpaka apewe kuku?"

"Wewe, Zuhura. Ukachagua jogoo."

"Mgeni angethubutu?"

Mzee akavua kofia, akajipepea.

"Mtani wangu ni mwenyeji wangu," alisema. "Jengeni kwa tofali. Ila mzichome kwa moto, msije mkazikaanga kwa mawese!"

Vigelegele vile, naapa, vilisikika Tabora.

Wakati wa kurudi, tofali zilipokwisha kuchomwa, Mwanangwa alinitwisha tofali la kwanza begani kwa utani, akanisindikiza mpaka mwisho wa kijiji, kisha akaniambia nisilitue hadi nyumbani. Nikalibeba. Stesheni ya Tabora mchukuzi mmoja Mnyamwezi anayenifahamu akapaza sauti:

"Mmanyema umekosa mzigo, umebeba jiwe? Siku hizi unajenga kwa tofali, umekuwa mwenyeji?"

Niliwahi kudhani haki hudaiwa kwa maneno makubwa. Yetu ilikuwa imelala ndani ya matusi ya kila siku. Nikalihamishia tofali bega la pili, nikamjibu:

"Toka zamani, mtani. Nipishe nipite."