Moyo Uliokataa Kulegea

Ile siku ya Kasomeno naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na hasira yake bado ninayo. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, muuzaji wa samaki wa chumvi, nimezoea kupanda lori hadi Kasomeno kuchukua mzigo na kuurudisha Lubumbashi. Katika kazi yetu hununui kapu bila kuonja. Unakata kipande, unatafuna, unajua kama chumvi imefika mfupani. Makapu ishirini, vipande ishirini. Bibi yako alinifundisha hivyo, nami nilijivunia ulimi wangu.

Nilipanda juu ya lori kukagua kapu la mwisho, pumzi ikakatika. Sikuwa nimechoka, kuchoka nakujua. Hewa ilikuwepo, ila haikunitosha. Nikaketi juu ya magunia, miguu imevimba hata viatu haviingii, na wenzangu wakanitania.

"Ona Mama Mado anavyonenepa! Biashara inamukubali!"

Nikacheka nao. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Hapana, ulianza zamani kidogo. Daktari alikuwa ameniambia nina presha, akanipa vidonge vya kila siku, na nikapigwa picha ya moyo. Vidonge nilimeza siku kichwa kilipouma tu. Kwenye karatasi ya picha nilisoma mstari mmoja, ule wa kusema nguvu ya moyo kusukuma damu ni ya kawaida. Nikaikunja karatasi, nikatangaza kila mahali kwamba moyo wangu ni wa chuma.

Basi nilipozidiwa nyumbani, siwezi kulala chali hata mchana bila kuhisi ninazama, ukoo ulikuwa na jibu tayari. Shemeji zangu walikaa sebuleni wakakubaliana: picha imesema moyo ni mzima, kwa hiyo kuna mtu sokoni amenifanyia jambo. Nipelekwe kwa mtu wa maombi, niache vidonge. Mimi niko pale pale kwenye kiti, wananijadili kama mzigo. Iliniuma sana.

Aliyewanyamazisha ni shangazi yangu, Tantine Ngalula, muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi asiyejua kuongea polepole. Aliomba karatasi, akaisoma yote, kisha akakunja ngumi mbele ya uso wangu.

"Angalia. Moyo yako iko inakaza muzuri, ile ni kweli. Lakini kisha kukaza inapaswa kufunguka, damu iingie. Yako imekuwa ngumu juu ya tension, ile presha ya miaka mingi, haifunguke muzuri. Damu inarudi nyuma, maji inajaa mu mapafu, inashuka mu miguu. Na weye unakula chumvi na kuacha dawa! Moyo inaweza kushindwa hata kama iko inakaza. Unasikia?"

"Tantine, minaogopa."

"Ogopa. Lakini simama."

Nikasimama. Nikawageukia mashemeji: "Maombi nitaomba miye mwenyewe. Nani ananiitia taxi?" Nikatoka hadi barabarani kwa miguu ile ile iliyovimba, nikipumzika kila hatua chache, Tantine nyuma yangu na mkoba. Hospitali walinipa dawa ya kutoa maji mwilini, wakashusha presha, na baada ya siku kadhaa nikarudi nyumbani nikitembea.

Daktari hakuniahidi kwamba moyo utarudi kuwa wa usichana wangu. Sikumwomba ahadi. Nilitaka kazi ya kufanya, akanipa: vidonge kila siku, chumvi kidogo, kutembea, kujipima uzito asubuhi nione kama maji yanarudi mwilini. Kuonja samaki niliacha. Shemeji wawili waliosema sitafika Krismasi nimekwisha kuwavalia nguo za msiba. Sikufurahi, ila mimi nipo.

Sasa wewe, Mado. Jana nimeikuta karatasi yako ya picha ya moyo chini ya televisheni, imekunjwa kama yangu, na vidonge vya presha havijaguswa. Unaniambia kichwa hakiumi, picha iko "normale", ya kawaida. Mwanangu, neno hilo lilitaka kuniua.

Isome karatasi mpaka mwisho. Muulize daktari kama moyo unasukuma, halafu umuulize kama unalegea na kujaa, na usitoke mpaka umeelewa. Vidonge umeze hata siku unazojisikia mzima, kwa sababu presha inaufanya moyo kuwa mgumu bila kukuuma. Miguu ikivimba, au pumzi ikikosekana ukilala, usingoje kikao cha ukoo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wakikucheka kwa mboga isiyo na chumvi, waambie umezaliwa na mwanamke mkaidi.

Chukua maji, umeze mbele yangu. Mungu akupe pumzi ndefu, upande malori kama mimi, ugombane na mimi miaka mingi, na siku ikifika uwe wewe unayenizika, nisikuzike mimi.